Ombi la Kurudisha Mashine ya Kahawa kwa Kosa la Kutoharibika

Kwa Shemeji Raimundi,
Mtunza Stoo, Hoteli ya Watalii,
Mang'ula.

Shikamoo shemeji,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kabla sijafika mbali nikutoe hofu: mdogo wako Leticia hajafa. Ukikutana na mtu wa Ifakara akakupa pole, ipokee kwa adabu, kisha uje haraka na gari lenye nafasi ya kubeba mashine yako ya kahawa. Naandika nikiwa chini ya turubai, msibani, nyumbani kwangu mwenyewe, kwa sababu simu yako haipatikani na Leticia hapokei simu yangu.

Utakumbuka nilipostaafu kwenye mashamba ya miwa uliniletea mashine hiyo baada ya hoteli yenu kununua mpya. Uliisifu kwamba ni chuma kitupu na imetengenezwa kuhudumia ukumbi mzima. Nilikushukuru. Sasa malalamiko yangu ni haya:

1. Haiharibiki. Umeme wa hapa umekatika na kurudi kwa kishindo mpaka umeua friji, feni na pasi. Mashine yako inakohoa kidogo, inaendelea na kazi. Kuku ametagia juu yake. Nilimwita kwa makusudi fundi Silvano, ambaye hajawahi kufungua kitu kikafungika tena. Aliifungua, akaifunga, akabaki na skrubu kiganja kizima, nayo ikatoa kahawa nzuri kuliko ya jana. Shemeji, sisi huku hatumwambii mgeni kwamba hatutaki kumpa kitu. Tunamwambia kimeharibika, naye anaelewa, anaaga kwa heshima. Njia hiyo umenizibia. Mtu hawezi kuishi na watu vizuri ikiwa vyombo vyake vyote ni vizima.

2. Haijui kidogo. Mimi nilikuwa mtu wa kikombe kimoja cha chai ya rangi. Mashine hii ukiiwasha inapika ya watalii wa basi zima. Kumwaga nikaona ni dhambi, nikaita majirani, na majirani wakaja na mabenchi. Hata wauza mchele wa Michenga siku hizi wanashukia kwangu kwanza, sokoni baadaye. Sikatai, heshima niliipata. Kuna asubuhi nilivaa koti ndipo nikamimina.

3. Imenifukuzia mke. Mwenye kuosha vikombe vya ukumbi mzima alikuwa Leticia peke yake. Wiki iliyopita aliniambia nichague kati yake na mashine. Nami, kwa utani usio na wakati, nikamuuliza kama naruhusiwa kumaliza kikombe kwanza. Amekwenda Mkula kwa mama yenu mdogo. Shemeji, nimemkosa sana. Nyumba imejaa watu na bado naiona tupu, usiku nageuka kumweleza jambo naongea na mto.

4. Sasa imemuua kabisa. Juzi mvua iliwalowesha wanywaji, na mwenyekiti wetu wa mtaa, Bwana Evaristo, kwa huruma yake akaleta lile turubai la mtaa tunalofunga kwenye misiba. Hapo ndipo tulipokosea. Turubai, mabenchi, wanaume wanakunywa kahawa asubuhi kwa sauti ya chini, na mwenye nyumba ana macho mekundu: mpita njia gani angefikiri ni kitu kingine? Akina mama wakajifunga khanga, wakaingia wakilia. Mimi nipo hai, namimina. Leticia wiki nzima haonekani. Wakajua ni nani. Walipoanza kuimba, nami nikalia kwa uchungu wangu wa kweli, na hapo hata waliokuwa na mashaka wakayaacha.

Nimekanusha, shemeji. Kila nikisema hajafa, watu wananishika mabega na kuniambia nijikaze. Kuni zimefika, mchele unachambuliwa, shangazi zenu wametoka Malinyi, na vijana wenye majembe wameniuliza mara mbili kaburi lichimbwe wapi. Mara ya pili nilikuwa nimechoka, nikakaribia kuwaonyesha.

Kwa hiyo naomba yafuatayo kwa unyenyekevu. Kwanza, uichukue mashine yako. Pili, ikishindikana, uniletee nyingine iliyoharibika vizuri niiweke mahali pake. Tatu, umpitie Leticia pale Mkula aje ajionyeshe kabla ya mazishi. Kama gari lina nafasi ya kimoja tu, mlete Leticia.

Nisalimie mama watoto, watoto wote, wapishi wa hoteli na mlinzi wa getini. Sisi wafiwa hatujambo, na marehemu anawasalimu.

Wako katika majonzi yasiyo na maiti,
Kassian

Nyongeza: Gari usilete. Leticia amefika. Abiria wa basi walimpasha habari kule Mkula kwamba amekufa, akaja mbio kukanusha. Ameingia kwa nyuma, amejitanda khanga hadi machoni, akamkuta Evaristo anaeleza jinsi marehemu alivyokuwa mcheshi, na mimi nalia mpaka kahawa inamwagikia viatuni. Akaketi benchi la nyuma. Nilimpa kikombe mwenyewe bila kumtambua. Amewasikiliza wasemaji wote, na jirani mmoja ametubu hadharani, amerudisha sufuria letu la pilau. Alipojifunua wawili wamezimia, mimi nikiwa mmojawapo. Leticia anasema mashine haitoki, vikombe wataosha wanaume, na turubai lisifunguliwe kwa kuwa kuna watu bado hawajasema. Barua naituma hivyo hivyo, maana mwandiko umekaa vizuri. Wewe njoo na maneno yako tayari, shemeji: amekaa mbele kabisa, na anauliza kila saa kaka yake atasimama lini.