Taifa la Nne Ni Letu

Jumapili, tarehe 1 Juni

Leo nimeona kitu!

Mchezo wetu wa kompyuta, Royaumes Sans Fin, yaani Falme Zisizo na Mwisho, unapata nyongeza. Kwa atakayesoma daftari hili nikishakufa (Bibiane, mke wangu, lifunge sasa hivi): ni mchezo wa kuchagua taifa, kujenga miji, kulima, kuchimba madini na kupigana na majirani mpaka dunia nzima ikuheshimu. Mataifa ni thelathini na sita. Letu halimo. Miaka saba nimetawala Uajemi, si kwa mapenzi, ni kwa kukosa kwetu. Sasa wanaongeza manne. Matatu wameyataja: Siam, Hungaria, Samoa. La nne wameonyesha kivuli tu. Jina litatoka kwa video Jumatano ya tarehe 11, saa kumi na moja jioni.

Nimekitazama kivuli hicho dakika arobaini. Mtu amesimama mlimani. Amevaa sketi. Raphia, nguo yetu ya nyuzi za mitende! Chini ya kwapa amebeba kitu kilichovimba, vijiti vimechomoza. Madimba, ala yetu ya vibao na vibuyu! Na nyuma yake, angani, mistari miwili minene inayokatana. Msalaba wa shaba! Ule wa Katanga, ambao wazee walitoa kama mahari kabla noti hazijazaliwa. Nywele zilinisimama. Ni ufalme wa Baluba. Ni sisi.

Mezani, mbele ya bukari, ugali wetu, na samaki, nikatangaza. Baba, Papa Léon, miaka themanini na mmoja, fundi wa tanuru aliyestaafu, aliacha tonge hewani. Akasema, "Fidèle, muntu muzima wa miaka makumi ine na mbili, unachezaka michezo ya batoto." Kisha akatoa hukumu. Mfalme wetu akitokea ndani ya kitu hicho, yeye mwenyewe atakuja kukaa na kutazama, na hatanisema tena mpaka kaburini. Asipotokea, Jumamosi zangu zote ni za kwaya ya parokia, safu ya besi, pembeni yake. Nikakubali kabla hajameza. Baba hajawahi kuja kuona kitu ninachokipenda. Hata nilipocheza mpira, zamani, hakuja.

Jumatatu, tarehe 2 Juni

Kazini. Mimi ni karani wa vizazi, naandika watoto wanaozaliwa hapa Likasi, mji wetu wa Katanga. Leo watano. Mmoja nusura nimwandike Hungaria. Mama yake alinitazama vibaya sana.

Saa sita mchana, mbio mpaka kwa Mama Gertrude, mwenye chumba cha michezo. Kompyuta sita, nzuri tatu. Kiti changu ni cha dirishani, kila mtu anajua. Nikamkuta Rolly. Fundi umeme wa kiwanda, mtawala wa Mongolia, adui yangu. Anadai amenishinda mara mia moja na kumi na mbili. Ni mia moja na tisa.

Rolly alikuwa anawaeleza watu kwamba kivuli ni Mgiriki, kwa sababu Wagiriki nao walivaa sketi. Nilicheka kwa sauti ili nisikike mpaka barabarani. Nikamwonyesha ile mistari miwili. Akasogea karibu na skrini. Akaifuata kwa kidole, na kwa mara ya kwanza katika miaka saba nikampenda kidogo.

Haikudumu. Rolly akasema kwa upole kwamba kama ni Baluba, basi ni Baluba wa Katanga, wa kwao Kabongo, na sisi wa Kasai ni tawi tu. Tawi! Nikamwambia babu yangu Mukendi aliletwa kutoka Kasai kuja kujenga migodi hii wakati watu wa kwao wanakimbia makelele ya treni. Akasema treni ilipita kwao kwanza. Tukagombana saa nzima juu ya kiti cha ufalme. Mama Gertrude akauliza kama ufalme huo utalipia kompyuta au azime.

Jumatano, tarehe 4 Juni

Leo sina la kuchekesha.

Nilimwomba Baba anieleze juu ya misalaba ya shaba, kwa ajili ya ushahidi. Nilitegemea anifukuze. Akaingia chumbani, akakaa sana, akarudi na kitu ndani ya kitambaa cha jikoni. Msalaba! Wa kweli! Alisema aliupata mwaka wa 1971, akichimba msingi wa nyumba hii hii. Nimezaliwa pembeni yake, nimelala pembeni yake, sikujua. Aliuficha kwa sababu kila aliyeuliza alitaka kuununua.

Nikaushika. Mzito kama chupa iliyojaa. Upande mmoja laini, upande mwingine una vinundu pale shaba ilipochemka ikapoa mchangani. Baba akapitisha kidole juu ya vinundu, akasema aliyeuyeyusha aliharakisha kidogo kumimina, ila alijua kazi. Alizungumza kama anamsema mwenzake wa zamu. Miaka thelathini na minne mbele ya tanuru, akamtambua mwenzake aliyekufa labda karne nne zilizopita. Nilistaajabu.

Nikauliza kama naweza kuupiga picha kwa ajili ya faili langu. Uso wake ukajifunga. Akaurudisha chumbani.

Alhamisi, tarehe 5 Juni

Wazo kubwa la maisha yangu. Ushahidi bila karatasi si ushahidi. Nani atauamini ufalme usio na cheti? Nimeuandikia ufalme wa Baluba cheti cha kuzaliwa.

Fomu ndiyo hiyo niliyo nayo, basi. Jina la mtoto: Royaume Luba. Jinsia: niliacha wazi. Tarehe ya kuzaliwa: zamani. Sheria inatoa siku tisini za kuandikisha mtoto na huyu amechelewa karne kadhaa, angepaswa kupitia mahakamani, nikafumba macho. Mashahidi lazima wawili. Mimi wa kwanza. Wa pili, kwa uchungu, Rolly. Alikataa kutia sahihi mpaka mahali pa kuzaliwa pawe Katanga. Nikasema Kasai. Tumepatana hivi: baba wa mtoto anatoka Katanga, mama anatoka Kasai. Ndoa imefungwa pale pale kaunta. Rolly alikuwa na machozi, alisema ni vumbi la mwezi wa sita.

Nikapiga muhuri. Mara mbili, kwa usalama. Nikakipiga picha, nikawatumia watengenezaji kwa barua pepe, kwa Kifaransa kizuri sana, nikitaka wathibitishe.

Jibu limerudi kwa sekunde nne! Sekunde nne! Ofisini kwetu barua kupokelewa tu ni miezi minne. Wanashukuru kwa mchango wangu, wanasema timu yao imeupokea kwa furaha, na wamenipa namba ya faili: 0047713. Namba! Mtu hapewi namba kama jambo lake halikukubaliwa. Hilo nalijua vizuri, mimi ndiye ninayewanyima watu namba. Nimemwambia kila mtu mpaka kituo cha teksi-basi.

Bibiane amelisoma jibu. Anasema mashine ndiyo imejibu. Nikamuuliza mashine itafurahi vipi? Akanirudishia simu.

Jumamosi, tarehe 7 Juni

Maandalizi. Mama Gertrude ametoa chumba, skrini kubwa na viti vya plastiki. Rolly anahakikisha nyaya. Nimealika wazee wa Kasai, Rolly amealika wazee wa Katanga, nimeacha njia katikati ya viti kwa usalama. Akina mama wa parokia wameahidi kucheza. Mzee mmoja ataleta madimba ya kweli.

Baba ametoa koti lake la sherehe, lile la kustaafu, akalianika nje. Nimemwona akilipiga brashi mgongoni, taratibu, muda mrefu. Kwa mara ya kwanza nikaogopa. Nilijificha nyuma ya jiko, nikaitazama upya ile namba ya faili. Namba ni namba. Nikatulia.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Saa kumi na nusu chumba kimejaa. Watu dirishani, watu mlangoni, mtu mmoja juu ya baiskeli iliyoegemezwa ukutani. Baba mstari wa mbele, katika koti, mikono juu ya magoti. Umeme, ambao hutukimbia hata kwa ubatizo, leo ulibaki. Hata mitambo ya umeme ya Koni ilikuwa upande wetu! Madimba yakalia kidogo. Nikasema maneno mafupi ya dakika kumi na tano.

Saa kumi na moja. Skrini nyeusi. Ukungu. Mungu wangu, ukungu ule! Milima ya kijani inatoka ndani yake mmoja baada ya mwingine. Nikajiambia Upemba, chimbuko la Baluba, imependeza. Kisha mtu juu ya mlima, mgongo kwetu, sketi inapepea. Mama mmoja akapiga kigelegele. Mtu akageuka.

Ndevu nyekundu. Nyekundu kama tofali! Sketi si raphia, ni kitambaa cha miraba. Kitu cha kwapani si madimba, ni mfuko wenye mabomba, akaupuliza ukalia mpaka viti vikatetemeka. Na ile mistari miwili ikashuka juu ya bendera, myeupe juu ya bluu. Maandishi yakatokea. Waskoti.

Mama Gertrude akaionyesha ile sketi kwa kidole, akauliza, "Alors, bazungu nabo banavalaka jupe?" Rolly alikuwa anatazama sakafu. Mzee wa madimba alikuwa anatazama ule mfuko kwa wivu. Nilitaka ardhi ya Likasi ifunguke, na humu kwetu mashimo si haba.

Nikamgeukia Baba. Alikuwa amesimama. Nikangoja hukumu. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa amefungua mdomo mbele ya ile milima, kama mtu aliyeitwa jina lake mahali asipojulikana. Akauliza, kwa sauti ndogo, "Bale bantu, banachimbaka nini?" Rolly akamsomea: makaa ya mawe, chuma, risasi. Baba akaitikia kwa kichwa, akakaa. Akaomba warudishe mwanzo. Tumeitazama video mara sita. Mara ya nne mzee wa madimba alikuwa ameshaupata wimbo, akina mama wakacheza, Kasai na Katanga upande mmoja. Mimi sikucheza.

Tukirudi nyumbani Baba alisema neno moja tu: Jumamosi, saa tisa, besi.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Nimelipa. Saa tisa kamili nilikuwa parokiani. Safu ya besi ni wazee sita na mimi. Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi: kusimama karibu na Baba, kusikia sauti yake juu ya sikio langu, labda kusifiwa kidogo. Kwa kweli nilikuwa na hamu. Baba hakuja.

Mwalimu wa kwaya alisema Papa Léon ameomba ruhusa. Ya muda gani? Hakutaja mwisho. Nikaimba saa mbili nyimbo nisizozijua, pembeni ya nafasi tupu.

Nikapita kwa Mama Gertrude. Nyongeza ilikuwa imefika jana. Dirishani, kwenye kiti changu, katika koti la sherehe, miwani miwili puani, mmoja juu ya mwingine: Baba. Rolly amesimama nyuma yake kama waziri. Anatawala Uskoti. Amejenga matanuru kumi na mawili na hana hata askari mmoja. Mfalme wake amempa jina la Mukendi, baba yake, yule aliyekuja na mkataba wa mgodi na blanketi moja, asirudi tena Kasai. Mukendi alikuwa juu ya mlima wake, ndevu nyekundu, bendera inapepea, chuma kinatiririka kama shaba. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo.

Nikamwita. Akasema, "Ngoja kwanza, Waajemi banakuya." Nikasema basi tumesameheana, turudi wote hapa Jumamosi. Akashangaa. Ahadi ni ahadi, alisema, bila kugeuka. Besi inanihitaji mimi, Fidèle. Kiti hiki kina mtu sasa.

Jumapili, tarehe 15 Juni

Bibiane anasema nishukuru. Baba amekuja, amekaa, ametazama, na kwenye chakula hakunisema hata kidogo. Anasema nilichokitaka nimekipata chote. Wanawake hawaelewi michezo ya mikakati.

Lakini habari! Watengenezaji wameulizwa juu ya nyongeza ya mwaka kesho. Hawakujibu, wametoa picha moja tu. Mguu. Mguu mmoja, peku, juu ya jiwe. Nimeutazama tangu misa, mwili unanisisimka. Unyayo mpana. Kisigino kigumu. Kidole kikubwa kimegeukia nje kidogo, kama cha Baba kabisa. Rolly anasema ni Mgiriki. Maskini Rolly.

Nimemwendea Baba alipoamka usingizi wa mchana. Nimemwambia safari hii hakuna kosa, na niko tayari kuweka dau Jumapili zangu zote kwa kile kiti cha dirishani. Amekubali pale pale, bila hata kuomba kuona picha. Maskini mzee, hajui anachopoteza.