Plakete za Docteur Guylain

Shavu la Papa Katembo lilipovimba, mji mzima wa Pinga ulisikitika isipokuwa Guylain. Guylain aliwahi kufagia kliniki ya meno kule Goma, na tangu hapo alijiita Docteur, maana ufagio nao ni shule.

Katembo, mwenye duka na pikipiki mpya, alikuwa ameng'olewa jino la akili, lile gego la mwisho. Jumamosi wakwe wangekuja kupatana mbuzi wa mahari ya binti yake Kétsia. Yeye asipoweza kusema, angesema mdogo wake, mtu mpole, yaani mtu wa hatari: angemtoa binti kwa mbuzi wawili na kicheko.

"Papa, dawa iko ndani ya damu yako mwenyewe," alisema Guylain. "Iko na vitu wanaita plakete, njo vinafungaka kidonda. Tunatosha damu kidogo, tunaizungusha mbio, plakete zinajikusanya, tunazitia mu shimo ya jino. Pona!"

Hapo, jamani, mwongo alisema kweli tupu. Daktari wa Goma alifanya hivyo hivyo mbele ya ufagio wa Guylain.

"Mashini ya kuzungusha iko wapi?" Katembo alinung'unika.

"Gurudumu ya moto yako, Papa, ile pikipiki! Tunafunga kachupa pale. Lakini inaomba barabara ndefu."

Katembo, ambaye hakuwahi kumwazima hata mkewe ile pikipiki, akatoa damu, kisha ufunguo. Jino la akili lilipotoka, naona akili ilifuata.

Guylain akashika njia ya Walikale, kurudi hana habari. Kwenye barrière ya kwanza, kizuizi cha barabarani, vijana wenye bunduki wakaona kachupa ka damu kwenye gurudumu.

"Hii nini?" aliuliza commandant wao, Nzabandora.

Kusema ameiba pikipiki? Thubutu! "Dawa ya jino, Commandant. Mimi niko docteur."

"Mungu mukubwa!" Commandant alishika taya. "Jino yangu inaniua! Lakini huku kwetu, mwenye kuleta dawa njo anaijaribu wa kwanza. Ule munganga wa dawa ya kuzuia risasi, tulianza kupiga yeye risasi."

"Na... alipona?"

"Njo maana tunatafuta mwingine."

Guylain alirudi nyuma. "Lakini Commandant, mimi siko na jino inauma!"

"Usijali, docteur," alisema Nzabandora kwa upole, huku akiletewa koleo la fundi wa pikipiki. "Itauma."