Deraya, Magurudumu Manane na Trei la Biriani

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Leo nimeteuliwa Mbunifu Mkuu. Nimejiteua mwenyewe, lakini hakuna aliyepinga.

Klabu yetu ya mifano hapa Woolwich imetangaza mashindano ya mwaka. Mwaka jana zilikuwa meli za kuvuta meli, akashinda Zulfikar. Mwaka juzi zilikuwa kreni, akashinda Zulfikar. Mwaka huu ni kazi ya wanaume: familia ya magari ya deraya yenye magurudumu, yanayotembea nchi kavu na kuelea majini! Linus, katibu wetu, mtu wa Moshi asiyecheka hata akitekenywa, alitusomea masharti. Bodi iwe moja, matumizi matatu: kubeba askari, kubeba majeruhi, kubeba mzinga. Unabadilisha paa tu. Jaji atadondosha mpira wa gofu juu ya deraya kutoka urefu wa mita moja. Kisha gari libebe nusu kilo, liingie bwawani, livuke, lipande ukingo wa pili. Siku ni Jumamosi ijayo.

Nyumbani nikakuta mjadala wa chumba kidogo. Chumba kidogo ni karakana yangu. Mwanabaraka, mke wangu, anataka apewe Ibtisam. Binti yetu ana miaka kumi na sita, anaanza masomo makubwa Septemba, na analala chumba kimoja na bibi yake, ambaye anakoroma mpaka glasi zinagongana. Nikasema hebu tuwe waungwana. Nikishinda mashindano, chumba changu mpaka kufa. Nikishindwa, cha Ibtisam. Mwanabaraka alinipa mkono papo hapo. Nilimwonea huruma, kusema kweli.

Jumapili, 3 Agosti

Kila kitu kipo isipokuwa bodi. Magurudumu nimenunua duka la mtumba: vigari viwili vya watoto, magurudumu manane. Muuzaji alinipongeza kwa kupata mapacha. Sikumkatisha tamaa.

Bodi ya mbao ilivuja. Bodi ya kopo la aiskrimu ilijikunja nilipoifungia mota. Nilikaa jikoni nikiwa nimeshika tama. Nikainua macho. Juu ya kabati, trei!

Trei la stili, lenye kina, la biriani ya watu ishirini. Mke wa Zulfikar alituletea Idi Kubwa, limejaa. Miezi miwili sasa halijarudi, maana chombo cha mtu huwezi kumrudishia kitupu, na Mwanabaraka bado anafikiria amtilie nini cha kulingana na biriani ile. Kwa hiyo limekaa tu. Halifanyi kazi yoyote. Nimeliazima.

Nimetoboa matundu manane ya ekseli. Nimeyaziba kwa gundi kuzunguka ekseli.

Na utamu wake: Zulfikar atapigwa na trei lake mwenyewe.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeomba ruhusa kazini, ofisi ya nyumba za manispaa. Nimesema ni shughuli za kiulinzi.

Majaribio ya majini, hodhi la bafuni. Trei tupu na mota zake: linaelea vizuri, linaweza kubeba kilo tatu. Nikafunga deraya ya bati, madebe matano ya mafuta ya kula niliyoyakata na kuyakunjua. Likashuka. Hapa ndipo wabunifu wote wa dunia wanapolia. Ukiongeza bati, linazama. Ukipunguza bati, linatoboka. Nikaweka paa la mzinga. Mzinga ni mchi wa shaba wa mama mkwe, wa kutwangia iliki. Gari likapinduka papo hapo, magurudumu manane juu.

Mama mkwe akagonga mlango akitaka kutawadha. Nikamwomba dakika tano, jeshi liko majini. Akagonga tena. Akauliza kama nimeuona mchi wake. Nikamwambia atawadhe jikoni leo.

Mzinga sasa ni bomba la karatasi za chooni lililopakwa rangi ya kijani. Unatisha vilevile. Nikapima kwa mizani ya jikoni, gramu baada ya gramu. Jibu: gari langu linaweza kubeba gramu mia tisa, basi. Mzigo wa jaji ni mia tano. Nina akiba ya mia nne! Hesabu safi kabisa.

Wakati wa chakula Mwanabaraka aliuliza kama nimeliona trei la mke wa Zulfikar. Nikamwambia samaki amekolea chumvi vizuri sana.

Jumatano, 6 Agosti

Ujasusi. Treni mbili na basi moja hadi Hounslow, kwa Zulfikar. Mtu huyu amebeba mizigo ya abiria uwanja wa ndege miaka thelathini, sasa amestaafu, na kila mwezi anavuka London nzima kuja Woolwich kunishinda. Nilijifanya nimepita tu. Hakuna anayepita tu Hounslow akitokea Woolwich, lakini hakuuliza.

Mjanja sana! Alinionyesha kila kitu. Alinifungulia gari lake, akanieleza propela, akanionyesha ile bapa ya mbele inayozuia wimbi lisipande. Nilitafuta kinachofichwa, sikukiona. Hapo ndipo nilipojua kimefichwa vizuri.

Akalalamika kwamba gari lake lina bati zito kila upande, linaelea kwa shida. Akaniomba ushauri. Moyo wangu uliruka. Nikamwambia kwa uso wa kaka yake mkubwa: toa bati lote la nyuma na ubavuni, bakisha la juu na la mbele tu. Nikaona tayari mpira wa gofu ukimpasua ubavu. Akaandika ushauri wangu kwenye kidaftari, akanishukuru. Nilihisi vibaya kwa muda wa kituo kimoja cha basi.

Mke wake alinilisha mpaka nikashindwa kupumua. Kisha akauliza, kwa upole, kama trei lake lipo salama. Nikasema lipo salama kuliko trei lolote Uingereza. Hilo ni kweli. Lina deraya.

Ijumaa, 8 Agosti

Limekamilika! Baada ya swala ya Ijumaa nimepaka rangi ya mwisho. Mapaa matatu yako mezani: askari, majeruhi, mzinga. Mlango wa nyuma unafunguka na kufungwa kwa komeo. Nimelitazama nusu saa. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri hivi, na nimeandika hapa ili nisije nikasahau.

Ibtisam alichungulia. Aliniambia kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba gari zuri. Akaongeza kwamba ukuta wa dirishani utatosha meza. Kisha akanitakia kila la heri, na nilimwona anamaanisha. Roho ikaniuma kidogo. Kwa upande mwingine, karakana ni karakana.

Mwanabaraka anakaanga visheti tangu niliporudi msikitini. Nyumba yote inanukia iliki. Nilidhani ni vya sherehe ya ushindi wangu. Akaniambia vina mwenyewe. Nikala vitatu alipogeuka. Mkarimu, mke wangu, ila msiri.

Jumamosi, 9 Agosti

Niandike kwa utulivu.

Nililibeba gari ndani ya begi la magurudumu la sokoni. Lilikuwa zito kuliko jana. Nikajiambia deraya ya kweli lazima iwe na uzito. Lilinukia iliki pia. Nikajiambia ni biriani ya Idi, stili inahifadhi harufu.

Bwawani watu walikuwa wengi. Familia yangu nzima, mama mkwe kwenye kiti cha kukunja. Zulfikar na mkewe. Bata.

Jaribio la mpira. Linus akadondosha. Ngo! Mlio kama kengele, deraya haikubonyea hata kidogo. Watu wakapiga makofi. Mke wa Zulfikar tu ndiye hakupiga. Aliinua kichwa, akakipinda upande, akasikiliza.

Linus akanipa mzigo wa nusu kilo. Nikaufunga juu ya paa, nikabonyeza kitufe. Gari langu lilishuka ukingo kwa heshima, magurudumu manane yakizunguka pamoja. Likaingia majini. Likaendelea kuingia. Nikasubiri liache kuingia. Deraya ikaenda, paa likaenda, mzinga wa karatasi ukabaki juu peke yake, ukalowa, ukainama, ukaenda.

Kisha mapovu. Kisha kisheti kimoja kikaibuka. Kikaja cha pili. Vikaja kumi. Mlango wa nyuma ulikuwa umefunguka, na bwawa lote la Woolwich likajaa visheti, na bata wakaja kwa mwendo ambao hakuna gari la deraya litakaloufikia.

Nikamgeukia Mwanabaraka. Alikiri bila kusita. Jana, nilipokwenda msikitini, aliingia karakana kutafuta mchi wa mama yake. Akaliona gari. Akaliinamisha, akaona chini yake alama ya rangi nyekundu ya kucha, ile ambayo mke wa Zulfikar anaweka kwenye vyombo vyake vyote visipotee shughulini. Akaona aibu ya kufa. Alijua mwenye trei atalitambua leo na atalichukua hapahapa mbele za watu. Sasa angelichukua tupu? Kwa hiyo alikaanga, na asubuhi, nilipokuwa nikioga, akafungua mlango wa nyuma akajaza visheti kilo mbili. Alivishindilia vizuri, akasema, visivunjike njiani.

Nilitaka kukasirika. Nilitafuta kosa lake, sikulipata. Kumrudishia mtu trei tupu baada ya biriani ile? Haiwezekani. Mimi nilihesabu gramu za jeshi zima nikasahau adabu.

Linus alilitoa kwa ndoano. Akaniuliza kwa upole kama nataka kuandikishwa kwenye fungu la nyambizi, ambalo halipo. Mke wa Zulfikar alipokea trei lake likichuruzika, na visheti kumi na viwili vilivyonasa kwenye ekseli. Alimshukuru Mwanabaraka. Akalinyanyua juani, akatazama matundu yangu manane, akasema sasa linafaa kuchujia wali.

Zulfikar alishinda. Gari lake jepesi lilivuka kama bata, na mpira wa gofu ulitua juu, kwenye bati lile lile nililomwambia abakishe. Alipopewa kikombe alisema mbele ya wote kwamba ushindi huu ni wa ushauri wa ndugu yake Abdulwakil. Watu wakanipigia makofi. Niliinama kidogo. Ilikuwa lazima.

Jumapili, 10 Agosti

Nimehamisha karakana. Visanduku kumi na saba, na mguu mmoja wa kreni ya mwaka juzi. Ibtisam alipima ukuta wa dirishani mara nne. Jioni aliketi mezani kwake, mlango umefungwa, na hakuna aliyekoroma. Nilipompelekea chai alinikumbatia, akasema ahsante baba, kwa Kiswahili. Nilifurahi. Naandika hivyo hivyo, nilifurahi sana.

Mchi wa mama mkwe nimeurudisha. Una rangi ya kijani upande mmoja. Anausugua kwa ndimu.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimefikiri siku nzima ofisini. Ubunifu hauna kosa. Deraya ilisimama, magurudumu yalizunguka, hesabu ilikuwa sahihi. Tatizo ni trei. Dogo! Trei la watu ishirini haliwezi kubeba jeshi na adabu kwa pamoja. Kinachohitajika ni chombo kikubwa, na jumuiya yetu ina sufuria la pilau ya harusi, watu mia mbili, linakaa stoo mpaka Oktoba bila kazi yoyote. Ningeweka magurudumu kumi na mawili.

Linus anasema kuna mashindano ya marudio Septemba. Nimemwambia Mwanabaraka kwamba safari hii sitaki chumba kidogo, nataka heshima yangu. Nikishinda, karakana yangu inahamia sebuleni. Nikishindwa, sebule ni yake na mama yake, mimi nitakula jikoni maisha yangu yote.

Alinipa mkono kabla sijamaliza kusema. Nadhani ameanza kuniamini.