Mashine ya Kukimbilia Inauzwa

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Kwako daftari. Salamu nyingi sana. Mimi shule niliishia darasa la nne, na kuandika nilifundishwa barua tu. Kwa hiyo nitakuandikia barua, hata kama tunakaa nyumba moja. Daktari wa presha amesema kila siku niandike kinachonikimbiza moyo. Haya.

Natumaini u mzima, na kurasa zako zote. Sisi hapa Oxon Hill, Amerika, ni wazima. Baba Raïssa mzima, isipokuwa mgongo. Raïssa binti yetu mzima, anasomea uuguzi. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, ila nikimwita kula anaelewa upesi. Irene wa mlango wa pili, Mkenya, mzima, tena mzima kupita kiasi. Mimi mama mtu mzima, ila moyo. Na mashine ya kukimbilia nayo ni nzima, iko palepale katikati ya sebule, na ndiyo inayonikimbiza moyo.

Baba Raïssa aliinunua mwaka juzi alipoambiwa apunguze tumbo. Alikimbia siku moja. Tangu hapo tunaanikia nguo. Ukitaka kwenda jikoni unapita ubavu ubavu kama kaa.

Sasa Jumamosi wanakuja wakwe! Watu wa Liévin, mchumba wa Raïssa, Warundi wa heshima kutoka Manassas, kuja kujitambulisha. Atakuwepo shangazi yake aliyemlea, Mama Laurence. Raïssa amenishika mikono yote miwili akasema, tena kwa Kiswahili, kwamba mashine itoke. Wakwe wakutane na sebule, wasikutane na soksi za Baba. Nimeapa.

Irene atanitangazia kwenye soko la mtandaoni. Yeye juzi aliuza meza kabla chai yake haijapoa. Ananisimulia hadithi hiyo kila tukikutana kwenye ngazi. Akaniuliza bei. Moyoni nataka dola mia. Nikamwambia aandike mia tatu. Akacheka mpaka akashika ukuta.

Nikamweleza. Sokoni kwetu Uvira, Kongo, ukitaka mia unaanza mia tatu. Mnunuzi anaanza hamsini. Mnagombana kidogo, mnaulizana habari za watoto, mnakutana mia. Mtu asiyeomba bei ipungue ni mgonjwa au mwizi. Irene akasema, Mama Raïssa, hapa ni Maryland. Nikamwambia binadamu ni binadamu.

Imeandikwa mia tatu.

Jumanne, 7 Oktoba

Simu inalia tangu alfajiri! Wote wanauliza neno moja tu: bado ipo? Mashine yangu inapendwa!

Simu inajua kugeuza Kiswahili kuwa Kiingereza, basi nimewajibu mmoja mmoja kama watu. Bwana asifiwe mpendwa. Hujambo? Mama yako hajambo? Baridi mnaionaje huko kwenu? Hapa sisi wazima. Ndiyo, mashine ipo, karibu sana.

Hakuna aliyejibu. Hata mmoja. Nikaingiwa na hofu, labda wamepatwa na jambo. Nikawaandikia tena kuwauliza kama ni wazima. Mmoja amenifungia nisimwandikie kabisa.

Irene anasema watu wa bado ipo si wanunuzi. Ni kama wapita njia wanaobonyeza nyanya. Nimempinga. Hata mbonyeza nyanya husalimiwa. Hapo ndipo aliponikumbusha habari ya meza yake na chai.

Jumatano, 8 Oktoba

Mnunuzi wa kweli! Kijana mmoja, jina lake sikuweza kulitamka. Hakuuliza bado ipo. Aliuliza tunakaa wapi, nikampa anwani yote mpaka namba ya mlango. Kisha akasema atatoa themanini.

Heri! Mchezo umeanza. Nikakunja mikono ya gauni. Nikamwandikia kama marehemu mama yangu alivyokuwa akiwajibu wanunuzi wa dagaa. Themanini? Mwanangu, unataka kuniua? Watoto wangu wale nini? Tulale njaa? Mungu anatuona! Nikakaa kungoja aseme mia.

Hakusema mia. Aliniomba msamaha. Alisema hakujua hali yetu imefikia hapo, na asingethubutu kumpunguzia bei mama mwenye njaa. Nikamwandikia haraka kwamba hapana mwanangu, sema mia tu, yatosha. Akajibu nisiiuze mashine kwa sababu ya dhiki. Mungu atafungua mlango.

Jioni mlango ukagongwa. Nikafungua. Hakuna mtu. Sanduku! Makaroni, maharage ya kopo, siagi ya karanga, na kadi yenye picha ya ndege.

Baba Raïssa alisoma meseji zote, polepole, miwani puani. Kisha akaniuliza kwa upole hao watoto wenye njaa ni wepi. Yeye anamjua mmoja tu, na jana alibakiza wali.

Maharage na siagi nimevipeleka kanisani kwa wenye njaa ya kweli. Makaroni Baba Raïssa alikuwa ameshayachemsha. Tumeyala tukiitazama mashine.

Alhamisi, 9 Oktoba

Irene ameshusha bei kwa lazima. Mia na hamsini. Nimejiona kama nimevuliwa nguo sokoni.

Mchana amekuja bwana mmoja kuiona. Mnene, mpole, kavaa sare ya kazi. Sasa mtu akiingia kwangu haondoki na tumbo tupu, hilo nililelewa nalo. Nikampa wali, sombe ya majani ya muhogo na samaki. Akaongezewa. Akaongezewa tena. Nikampa na chai. Akainuka, akaizunguka mashine, akaipigapiga begani kama ng'ombe, akasema ni kubwa mno. Akashukuru kwa chakula. Akauliza kesho nauza nini.

Baba Raïssa anasema huyo hakuja kununua mashine. Alikuwa kwenye mapumziko ya mchana.

Jioni Baba Raïssa ametoa viti vyetu sita vya kukunja, vya wakwe. Amevifuta vyote vinang'aa, akavipanga ukutani nyuma ya mashine, maana mbele hakuna pa kuvipanga. Raïssa amesimama mlangoni, akaangalia mashine, akaangalia viti, akarudi chumbani kwake. Binti asiposema neno ndipo mama hulala macho wazi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Haleluya! Haleluya tena!

Nilikuwa kazini kwa wazee, namkausha bibi mmoja miguu, simu ikalia. Sauti ya kiume, taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Shikamoo, Mama. Jina langu ni Jelani. Ninakaa Columbia Heights. Je, mashine yako ingali inapatikana?

Nusura nimkalie bibi. Shikamoo! Tangu tutoke kambi ya wakimbizi Kigoma sijaamkiwa hivyo, hata na niliyemzaa. Kumbe ni Mmarekani mweusi, wa hapahapa tangu babu zake, mwalimu wa hesabu. Kiswahili amekisoma darasa la jioni.

Nikamwambia ni mia na hamsini, lakini wewe mwanangu chukua kwa mia. Akasema kwa huzuni, Mama, hapana. Mwalimu wao amewaambia bei ya kwanza haikubaliwi, na yeye ameisoma ile sura ya sokoni mara nyingi akiingoja siku hii. Akaniomba nipandishe kidogo ili apate kukataa.

Daftari, nilimpenda palepale.

Nikapandisha mpaka mia mbili. Akasema lo, ghali mno! Nikasema kwa hasara yangu, mia na themanini. Akasema Mama unaniumiza, mimi mwalimu tu. Nikasema watoto wangu wale nini? Akacheka! Alijua! Huyu hanitumii makaroni. Nikamfundisha na yasiyo kitabuni, kwamba mnunuzi hodari hujifanya kuondoka kwa hasira ili aitwe. Kwenye simu ni kukata. Akakata. Nikampigia. Tukaendelea kidogo, akakata tena, ameshanogewa. Bibi akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia ni biashara.

Tulifika sitini. Kule mwishoni mimi ndiye niliyekuwa nashusha, maana alikuwa anajitahidi sana.

Raïssa hakujali sitini. Inatoka? Inatoka! Amenikumbatia mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Baba Raïssa ameguna kidogo, maana anaikumbuka bei aliyoinunulia. Kisha akapanda kuiaga. Akakimbia kidogo, akashuka, akaenda kulala.

Jumamosi, 11 Oktoba

Asubuhi Jelani amefika na rafiki mwenye pikapu. Kijana mrefu, miwani, adabu tupu. Aliniamkia kwa kuinama. Wakaishusha mashine ngazi zote, wanahema, mimi nyuma naomba Mungu, Irene kwenye mlango wake anahesabu makosa. Baba Raïssa alishika mlango. Mgongo.

Kule chini Jelani akanipa pesa. Akasimama. Akakohoa. Kisha akauliza, kama mtoto anayesoma shairi mbele ya darasa: na nyongeza je, Mama?

Nyongeza! Tangu nifike Amerika hakuna aliyeniomba nyongeza. Hapa mtu analipa, anachukua, anaondoka, kama mmegombana. Machozi yalinilengalenga. Nikapanda mbio, nikarudi na nusu ya sambusa za wakwe. Akashukuru sana. Akasema atakula na wanafunzi wenzake. Darasa lao la Kiswahili sasa hukutana kwake, na hawana viti, wanakaa sakafuni.

Sakafuni! Watoto wa watu, wanajifunza lugha yetu, wamekaa kwenye sakafu ya baridi! Mama gani atastahimili? Nikapanda tena. Viti sita vilikuwa ukutani, vimefutwa, vinang'aa. Baba Raïssa bafuni, ananyoa ndevu. Raïssa chumbani, anapaka kucha. Nikavishusha vyote. Jelani alisema Mama, hii nyongeza imezidi. Nikamwambia mwanangu, nyongeza haikataliwi, liandike hilo kitabuni.

Nikarudi juu. Sebule! Pana! Nilifagia nikiimba.

Saa nane wakwe wakabisha hodi. Liévin, amenyoa vizuri. Mama Laurence, amevaa nguo yao ya kufunga begani, mrefu kama kanisa. Mzee Eliudi, msemaji wao, na wengine nyuma yake. Wakaingia. Wakasimama. Nasi tukasimama. Salamu zikaisha. Zikaanza upya. Zikaisha tena.

Baba Raïssa akatazama ukutani. Akaniuliza pembeni viti viko wapi. Nikamwambia vimekwenda shule.

Raïssa alinitazama. Hayo macho sitayaandika.

Kochi letu ni la watu wawili. Nikamkalisha Mama Laurence na dada yake. Kigoda cha jikoni, mtu mmoja. Ndoo nikaigeuza, nikaifunika kitenge, mtu mmoja. Waliobaki? Nikavuta masanduku ya safari chini ya kitanda, yale tuliyokuja nayo, nikayapanga mstari. Mzee Eliudi akakaa juu ya kubwa. Likalia kama mbuzi. Nilitamani ardhi ipasuke nitumbukie.

Kila mtu anaangalia sanduku. Ndipo Mzee Eliudi akanyanyua fimbo yake. Akasema katika umri wake amepeleka posa nyumba nyingi, amekalishwa kwenye viti vya kila namna, lakini juu ya masanduku, leo ndiyo mara ya kwanza. Akasema wao si watu wa kuambiwa mara mbili, binti ameshafunga mizigo. Je, waondoke naye sasa hivi, au wangoje chai?

Mama Laurence alicheka mpaka akamwegemea dada yake. Baba Raïssa akajibu haraka kwamba masanduku ni matupu, na hapa hakuna aliyetoa mtu. Mzee akasema basi watarudi kuyajaza. Nyumba nzima ikaangua kicheko. Nikamtafuta Raïssa kwa jicho. Kafunika uso, mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka! Liévin naye karibu aanguke kutoka juu ya ndoo.

Sambusa zililiwa nusunusu kama sakramenti. Wakati wa kuaga, Mama Laurence alinishika mkono akasema nyumba yangu ina nafasi. Ina nafasi! Baada ya wiki mbili watarudi na wazee wengi zaidi. Akauliza, kwa upole kabisa, kama siku hiyo alete kiti chake.

Nikasema Mama, hapana! Viti vitakuwepo.

Jumatatu, 13 Oktoba

Leo sikukuu ya hapa Amerika, hakuna kazi. Nimetafuta viti kwenye soko la mtandaoni mimi mwenyewe, bila Irene. Nikavipata! Vinane, vya mbao, Manassas. Nikamwandikia mwenye navyo: bado ipo?

Baba Raïssa akaendesha. Mwenye viti ni mzee mmoja Mzungu, anahama, anaonekana amechoka na watu. Alisema arobaini. Nikashika kifua. Nikasema kumi na tano. Nikabonyeza kila kiti. Nikajifanya kuondoka. Hakuniita. Nikarudi mwenyewe. Nikajifanya kuondoka tena. Maskini akasema nichukue kwa ishirini, ila niondoke kweli. Ushindi! Irene na meza yake!

Viti vikapakiwa. Nikakumbuka haki yangu. Nikamwomba nyongeza. Hakuelewa. Nikamweleza kwa mikono: nimenunua, sasa wewe unanipa kitu juu, moyo wako upende, na wangu upende. Uso wake ukabadilika. Ukang'aa! Akakimbilia stoo, mzee yule, akakimbia kabisa, akarudi anaburuta nyongeza mwenyewe mpaka garini. Hakutaka hata nimshukuru.

Ni baiskeli. Ya mazoezi. Haina magurudumu. Unaendesha, unatoka jasho, ukishuka uko palepale. Baba Raïssa aliweka paji la uso kwenye usukani, akakaa hivyo muda mrefu. Nikamwambia nyongeza haikataliwi.

Iko sebuleni. Katikati. Kwenda jikoni ni ubavu ubavu. Raïssa amerudi, ameitazama, ametundika koti lake juu yake, ameingia chumbani. Viti vinane viko kwenye ngazi, maana ndani havienei.

Lakini sina wasiwasi. Sasa nina uzoefu. Nimeshaitangaza. Nimeandika mia tatu.

Nakomea hapa. Wasalimie kurasa zako zote zilizobaki. Na kama unamjua mtu yeyote anayependa kuendesha baiskeli bila kufika, tafadhali nijibu upesi, upesi sana, wakwe wanarudi.