Kamati ya Kulielewa Jua la Tseikuru

Saa nne asubuhi, Julai 1992, Kamati ya Kulielewa Jua ilitangaza mbele ya baraza la Tseikuru kwamba hakuna ukame. Mimi ndiye katibu. Uchunguzi wetu ulikuwa wa kina: kampuni ya mafuta ilitulipia chakula cha mchana, nasi tukachunguza hadi sahani ya mwisho. Wataalamu fulani walikuwa wakidai redioni kwamba moshi wa mafuta unaipasha dunia joto. Tulibaini kwamba jua ni lile lile, ila wananchi wanalitazama vibaya.

"Na mbuzi wangu waliokufa?" aliuliza Mumbua, mjane aliyekuwa akingoja mahindi ya msaada ya kulisha wajukuu.

"Nao walilitazama vibaya, mama," alijibu Bwana Kiilu, afisa uhusiano wa kampuni, akamvisha kofia ya bure.

Kwa kuwa hakukuwa na ukame, lori la mahindi ya msaada liligeuzwa likiwa njiani, mjini Mwingi. Utaratibu ulifuatwa.

Septemba, ng'ombe wote wa ranchi ya kampuni hiyo walikufa. Walikuwa na bima ya ukame, lakini shirika la bima halikulipia ukame usiotambuliwa na kamati. Kiilu akanijia mbio, tai yake ya shingoni imerukia begani.

"Katibu, ndugu yangu, tangazeni ukame leo leo!"

Nilimweleza kwamba tangazo la kamati hufutwa kwa azimio la baraza tu, kwa kuinua mikono. Baraza likaitishwa. Kiilu aliinua wake. Peke yake.

"Inueni basi, akina mama!"

"Ukame wa nini, mwanangu?" aliuliza Mumbua. "Andika kwanza umeletwa na nini."

"Umeletwa na nini?"

"Na moshi wa mafuta yenu. Redio si ilisema?"

"Hilo siwezi, mwaitu."

"Basi hakuna ukame. Twendeni nyumbani, jua hili zuri lisitupite."

Wanawake walisimama, wakajipangusa vumbi.

"Mwaitu, mama yangu, ngoja!"

Niliandika sababu kama ilivyotajwa. Kiilu akatia sahihi kwa niaba ya kampuni. Mikono yote ikainuka, wangu ukiwemo.

Lori la mahindi lilifika Ijumaa. Mumbua alipewa gunia, akalibeba mwenyewe.

Jumatatu shirika la bima lilijibu kwa aya moja. Lilikubali kikamilifu kwamba ukame ulikuwepo, na likasikitika kwamba halilipi hasara ambayo mwenye bima amekiri kuisababisha mwenyewe.