Naomba Nirudishiwe Mikwaruzo ya Simu

Kwako Meneja wa Huduma kwa Wateja,

KUH: OMBI LA KUZOROTESHWA KWA MTANDAO, UMOJA, JUMAMOSI SAA TATU HADI SAA SITA

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni Seth Muasya, karani wa stoo, na kwa miaka kumi na mmoja mwalimu wa kwaya ya kanisa letu hapa Umoja. Malalamiko yangu ni kwamba tangu mlipoanza kupitisha simu za sauti kwenye mtandao wa data, watu wanasikika. Madhara yake ni haya:

1. Mukai, soprano wetu, alihamishiwa Voi kikazi, na hufanya mazoezi nasi kwa simu tunayoiweka juu ya kinanda. Zamani sauti zetu zilimfikia zimekatikakatika. Wimbo ukiharibika nilikuwa nasema, "Ni mtandao," tunaendelea kwa amani. Jumamosi iliyopita alitusimamisha: "Mwalimu, kuna besi mmoja sauti yake inateremka kila mkifika kiitikio."

2. Kwa hasira ya kutetea kwaya yangu, niliamuru kila besi aimbe peke yake karibu na simu. Wathome akaimba. Mukai akasema si yeye. Sylvance akaimba. Si yeye. Besi tuko watatu.

3. Nikaimba. Voi kukawa kimya, nikatumaini simu imekatika. Haikuwa imekatika. Kate wa alto akashika mdomo: "Kumbe ni wewe hutuangushanga, Mwalimu!"

4. Nilimpigia mke wangu, Mbithe, anitetee, nikaweka spika ili wote wasikie. Nikamuuliza kama naimba vibaya. Maskini, alinijibu kwa kunong'ona ili nisiaibike: "Baba Kavinya, si nilidhani unajua?" Kwenye mtandao wenu hata mnong'ono unafika, na ulifika hadi kwa watenori waliokaa nyuma.

5. Sasa mwalimu ni Wathome. Mimi nashika simu. Kwaya imekuwa nzuri, jambo ambalo limeniumiza kuliko yote.

Kwa hivyo naomba mkwaruzo kidogo tu. Sidai nchi nzima. Mnara mmoja, saa tatu kwa wiki. Ikishindikana, niandikieni barua yenye mhuri kwamba kwa miaka kumi na mmoja kosa lilikuwa lenu.

Nisalimie mafundi wanaopanda minara, wanaopokea simu za malalamiko, na askari wa langoni kwenu.

Ni mimi, niliyesikika,
Seth Muasya

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, mama alinipigia kutoka Mwingi. Ana miaka themanini na minne na masikio yamechoka. Kwa muda mrefu simu zetu zimekuwa za kupigiana kelele za "hujambo" basi. Leo alinisikia vizuri, akaniomba nimwimbie. Nilimwonya. Nikaimba ubeti mzima, na kwenye kiitikio nikateremka. Alicheka hadi akakohoa, akasema, "Marehemu baba yako naye alikuwa anaangukia hapo hapo. Hebu rudia." Nimerudia mara nne. Tafadhali, mnara wetu msiuguse.