Dawa ya Kutu ya Damu

Zack, mwendesha bodaboda, alikuwa ameshusha abiria kwenye kliniki moja ya Kaplong aliposikia neno lililomfumbua macho. Sista Gesare alikuwa akiwaeleza vijana wanaotibiwa uraibu wa heroini kwa nini damu yao itapimwa: madawa yale huuchakaza mwili ndani kwa ndani, vile chuma hushika kutu. Sista akaendelea na mengine ya maana. Zack hakuyangoja. Pikipiki ilishanguruma.

Wiki haikuisha kabla hajatua nyumbani kwa Mama Rodah, nje ya Sotik, na koti jeupe la kuazima na chupa za chai ya majani ya rangi ya zambarau iliyochemshwa hadi ikanuna.

"Mama, hii inafuta kutu ya damu. Mwanao Kipkurui akinywa, aachane na ile dawa ya kikombe. Kila asubuhi Kaplong, mpaka lini? Mimi nakunywa hii kila siku. Damu yangu inang'aa!"

Kipkurui alikaza taya. Kikombe hicho cha methadoni, dawa ya kuacha heroini anayonyweshwa kliniki, ndicho kilichomtoa mitaroni. Zack hakumwona; macho yake yalikuwa zizini.

"Na bei?" Rodah aliuliza.

"Ule mtamba tu, mama yangu. Huduma kwa jamii."

"Sawa, daktari. Mpimwe nyote wawili kwa Sista. Damu yako ikishinda yake kwa usafi, chukua mtamba na kikombe aache. Ikishindwa, pikipiki inabaki hapa."

Zack nusura acheke. Yeye, ambaye hajawahi kuonja heroini, ashindwe na mraibu? "Mama, tafuta kamba ya ng'ombe kabisa!"

Majibu yalipotoka, Sista Gesare aliwaita. "Kipimo si mashindano," alionya, "lakini mmekubali niwasomee pamoja. Kipkurui, kutu inapungua. Endelea na dawa. Zack, yako iko juu sana. Unavuta sigara?"

"Kidogo."

"Pakiti kidogo? Na ile pombe ya chang'aa?"

Zack aliikagua dari kwa heshima kubwa.

"Hizo pia huleta kutu. Ndiyo nilikuwa naeleza siku ile ukitoroka."

Rodah alinyoosha mkono apewe funguo. "Nilikunusa kabla hujanisalimia, kijana."

Sasa kila asubuhi Zack hupita kwa miguu kando ya mashamba ya chai, chupa zikigongana mkobani. Pikipiki anayoijua vizuri humpigia honi, kisha hupunguza mwendo.

"Panda, daktari," Kipkurui humwambia. "Naenda kliniki. Sista anakuulizia."